Lakini ya Bi Sihaba

Ipo nchi moja ambayo watu wake wote ni wazima. Usiitafute kwenye ramani, maana ramani yake wenyewe wanaibadilisha rangi kila asubuhi. Si kwamba watu wa huko hawaugui. Wanaugua sana tu, na wengine wanakufa, ila wanakufa wakiwa wazima. Ukilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza utadhani unatiwa mchanga wa macho, kwa hiyo acha lichambuliwe polepole kama mchele kwenye ungo, punje moja moja, chuya upande wake.

Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Shangwe. Zamani ilikuwa na Wizara ya Afya kama nchi nyingine, yenye makabati, panya na makarani. Kisha akateuliwa Mheshimiwa Daktari Makeke kuwa waziri. Udaktari wake ni wa heshima. Alivishwa joho na chuo kimoja cha mbali ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na kwa kuwa joho lilimpendeza, hakulivua. Siku ya kwanza ofisini alibadilisha jina la wizara, ikawa Wizara ya Afya, Mitandao na Furaha, akasimama mbele ya kamera akasema:

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu tumedhani adui yetu ni maradhi. Tulidanganywa! Adui yetu ni ukimya! Mgonjwa asiyewasiliana hajulikani, na asiyejulikana hayupo! Kuanzia leo, serikali yenu sikivu itawasikia mmoja mmoja, mkiwa vitandani mwenu, kupitia simu zenu!"

Watu walipiga makofi. Na kwa nini wasipige? Nani hataki kusikilizwa?

Ndipo akazaliwa Dada Afya. Dada Afya si mtu, ni mtambo ndani ya simu, lakini amechorwa kama binti mzuri, koti jeupe, kipimo cha kusikilizia moyo shingoni, na meno ambayo mtu wa kula muwa hawezi kuwa nayo. Kila asubuhi, jogoo hata hajamaliza kuwika, Dada Afya anaingia kwenye kila simu ya nchi na kuuliza: "Habari ya afya yako?" Ukijibu vizuri, kijiji chako kinapakwa rangi ya kijani kwenye ramani kubwa iliyo ukutani kwa waziri. Ukijibu vibaya, kinapakwa nyekundu, na gari la wagonjwa na dawa vinatumwa mbio. Ndivyo ilivyoahidiwa, na karatasi yake ilibandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha soko.

Sasa, mtambo huu ulitengenezwa na wataalamu kutoka nje, watu wa haraka, ambao kwao ukimuuliza mtu hali akiwa anaumwa, anakujibu palepale kwamba anaumwa. Wakapiga hesabu zao wakaona kusoma maneno yote ya mgonjwa ni kupoteza umeme. Wakauagiza mtambo usome neno la kwanza tu la maana, linalobaki ni kelele.

Wenzangu, nyinyi mnajua tulivyolelewa. Hata mtu awe amebebwa kwenye machela, ukimuuliza habari atakujibu nzuri. Atakujibu nzuri, atakuuliza za kwako, za watoto, za shamba, na hapo ndipo atakapovuta pumzi na kusema: "Nzuri, lakini..." Mambo yote ya mtu yako nyuma ya hiyo lakini. Msiba uko huko, na homa, na mtoto asiyenyonya. Mtambo wa Mheshimiwa Makeke ulikuwa ukifika kwenye lakini, unafunga mlango.

Haikuchukua muda, ramani ikawa kijani tupu kama shamba la mpunga.

*

Katika kitongoji cha Mchangamle aliishi bibi mmoja aitwaye Bi Sihaba na mjukuu wake Zamaradi. Bi Sihaba alimlea Zamaradi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na alimlea kwa adabu. Alipokuwa mdogo, jirani akimsalimia naye akajibu "tumbo linaniuma," Bi Sihaba alimfinya sikio kwa vidole viwili. "Unamtupia mtu tumbo lako kabla hajakaa? Nzuri kwanza. Tumbo baadaye." Zamaradi akajifunza, akawa msichana ambaye mtaa mzima ulimsifia kwa salamu zake.

Sasa Zamaradi alikuwa mwanamke, na mjamzito, mimba ya kwanza, imekaribia. Mumewe alikuwa machimboni, mbali. Kitanda cha mtoto kilikwisha pigwa vanishi. Bi Sihaba alikwisha chana khanga kuukuu vipande vipande, akavifua, akavianika, akavifua tena mpaka vikalainika kama ngozi ya sikio, akavikunja ndani ya beseni la buluu na kulifunika kwa sinia ili kuku wasipande.

Asubuhi moja Zamaradi aliamka viatu haviingii. Bi Sihaba alimbonyeza mguu kwa kidole, na alipotoa kidole, shimo likabaki, kama mtu aliyebonyeza donge la unga.

"Kichwa?" akauliza bibi.

"Kinagonga, bibi. Na mbele ya macho kuna vimulimuli."

"Vimulimuli mchana huu?"

"Vinawaka tu. Hata nikifumba."

Bi Sihaba aliinuka. Alijifunga khanga ya pili, akamshika mjukuu wake mkono, wakaenda zahanati taratibu, wakipumzika kwenye kila kivuli.

Zahanati ya Mchangamle ilikuwa imeboreshwa. Kwa kuwa ramani ilionyesha watu wote wazima, wizara iliona si busara vifaa vikae bure. Vitanda vilihamishiwa hoteli ya mikutano, kwa ajili ya wajumbe wa mikutano ya afya. Mashine ya kupimia presha ilipelekwa studio, iwekwe nyuma ya Dada Afya apendeze. Chumba cha kuzalishia kiliandikwa mlangoni CHUMBA CHA MAUDHUI, na ndani yake, mahali palipokuwa na kitanda cha wazazi, kulikuwa na taa ya duara juu ya miguu mitatu na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji. Bombani maji hayakuwapo.

Muuguzi wa hapo, Sista Koleta, mwanamama mnene wa miraba minne, alikuwa mbele ya taa ile, akicheza. Cheo chake kipya kilikuwa Balozi wa Ushirikishwaji, na kazi yake kila siku ilikuwa kurekodi ngoma moja yenye elimu. Siku hiyo ilikuwa ngoma ya kunawa mikono. Alizungusha viganja hewani, akatikisa kiuno kushoto, akatikisa kulia, uso umemkunjamana kama aliyeuma limau.

"Sista!" Bi Sihaba akaita.

"Subiri bibi, nikiacha katikati mshahara unakatwa," Koleta akajibu huku anazunguka. Alipomaliza alifuta jasho, akamtazama Zamaradi miguu, akamtazama uso, akaacha kuhema kwa ajili ya ngoma akaanza kuhema kwa ajili ya jambo jingine.

"Mlaze. Mlaze hapo chini, kwenye mkeka. Zama, mwanangu, unaona sawasawa?"

"Nakuona wawili, Sista."

"Hata mmoja nimezidi," Koleta akasema, lakini hakucheka. Alimvuta Bi Sihaba pembeni. "Bibi, hii ni presha ya mimba. Mashine sina, lakini macho ninayo. Akipandwa na kifafa hapa, sina sindano, sina kitu. Anatakiwa hospitali ya wilaya, apasuliwe mtoto atoke. Si kesho."

"Basi lete gari la wagonjwa, hilo hapo nje."

Gari la wagonjwa kweli lilikuwapo nje, jeupe, limeng'aa. Juu yake vilikuwa vimefungwa vipaza sauti vikubwa kama masufuria ya harusi, na ndani, mahali pa machela, palikuwa na betri na maspika mpaka darini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini likitangaza: "Fuata ukurasa wetu! Weka alama ya moyo!"

"Haliondoki bila kibali cha Dada Afya," Koleta akasema. "Mgonjwa aandike mwenyewe. Dada Afya akiona hali ni mbaya, anampigia dereva."

"Basi si aandike."

Zamaradi aliandika. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, imebanwa kwa mpira wa kufungia pesa. Dada Afya alitokea na meno yake: "Habari ya afya yako?" Zamaradi, vidole vimevimba kama ndizi mzuzu, akaandika: "Nzuri, namshukuru Mungu, lakini kichwa kinaniuma sana, miguu imevimba, na siwezi kuona vizuri, na mimba yangu imekaribia."

Jibu lilikuja palepale, na maua. "Tumefurahi sana kusikia uko vizuri! Endelea kutabasamu!"

Walitazamana.

"Labda mtandao," Koleta akasema.

"Labda hukumwamkia," Bi Sihaba akasema. "Yule ni mtu wa serikali. Mwamkie."

Zamaradi akaandika: "Shikamoo Dada Afya. Nakufa na kichwa."

"Marahaba!" akajibu Dada Afya. "Wewe ni raia mwenye heshima. Afya yako ya akili ni bora!" Safari hii na puto.

Hapo Bi Sihaba akaona hawa watoto hawajui kuandika. Yeye alisoma mpaka darasa la nne, na mwalimu wao alikuwa mkali wa barua. Akachukua kiti, akakaa, akamwambia Koleta ashike simu, akatamka kama alivyofundishwa, herufi kwa herufi ya adabu: "Mpenzi Dada Afya. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukuarifu kwamba mjukuu wangu yu hoi..."

Barua ilikuwa nzuri. Koleta mwenyewe alisema hajaona barua kama ile tangu marehemu baba yake. Wakaituma, wakangoja, Zamaradi kwenye mkeka kafumba macho, mkono juu ya tumbo.

Simu ikalia kama kengele ya shule. Nyota zikamwagika kwenye kioo chote.

"HONGERA! Katika wilaya nzima hakuna aliyeeleza uzima wake kwa maneno mazuri kama wewe. Umeteuliwa kuwa BIBI MZIMA WA TAIFA. Mheshimiwa Waziri atakutembelea kesho, mubashara!"

Koleta aliketi sakafuni, pu, kama gunia. "Bibi," akasema, "tumeponywa."

*

Bi Sihaba hakukata tamaa. Alijiambia: waziri ni mtu, ana mama yake. Akija nitamshika mkono, nitamwonyesha mtoto wa watu alivyo, atatoa amri, gari litaondoka. Koleta alijaribu kumsimamisha mwenye lori la mkaa, lakini barabara yote ilikuwa imefungwa kwa ajili ya ugeni. Wakabaki wanamkanda Zamaradi kwa kitambaa cha maji, wakimgeuza ubavu wa kushoto, wakimwita jina kila alipokaa kimya mno.

Asubuhi wa kwanza kufika alikuwa Bwana Erasto, Afisa Furaha wa Wilaya, kijana wa suruali nyembamba na vitambulisho vinne shingoni. Alikuja na fulana zimeandikwa kifuani NZURI! akamvalisha Bi Sihaba moja juu ya gauni lake. Halafu akamwona Zamaradi.

"Na huyu?"

"Ndiye mgonjwa, baba," Bi Sihaba akasema. "Ndiye huyo niliyeandika habari zake."

"Mgonjwa? Bibi yangu, wilaya hii haina mgonjwa tangu masika." Alimtazama Zamaradi kwa jicho la mtu anayetazama kochi lililowekwa vibaya. "Hawezi kusimama? Basi mfunike. Kamera ikimpata, tutasema anapumzika. Kupumzika ni afya."

Koleta akamsogelea mpaka vitambulisho vikamgusa kifua. "Wewe Erasto, mama yako nilimzalisha wewe kwenye chumba hiki hiki. Ulitoka miguu kwanza."

"Sista, tafadhali, usinivunjie itifaki."

Msafara ukaja na vumbi lake. Gari la wagonjwa lilitangulia, ving'ora juu, likiimba. Watu wa Mchangamle walipangwa mistari, fulana kwa fulana. Skrini kubwa kama ukuta wa nyumba ilisimamishwa uwanjani, ikionyesha ramani ya kijani ya nchi nzima, na chini yake alama za moyo zikipanda kama mapovu ya sabuni. Mheshimiwa Daktari Makeke alishuka na joho lake. Juani. Alitoa hotuba juu ya mawasiliano iliyochukua muda wa kupika maharage mabichi yakaiva. Alisema taifa limevuka kutoka kwenye tiba kwenda kwenye maudhui. Alisema zamani daktari alimgusa mgonjwa, jambo la kizamani na la uchafu, leo anamgusa kwa ujumbe. Alisema mataifa makubwa yanakuja kujifunza, na mengine yanalia wivu.

Ndani, nyuma ya ukuta wa matofali, Zamaradi alikuwa amesema: "Bibi, sikuoni kabisa sasa."

Maneno hayo Bi Sihaba alitoka nayo uwanjani. Alisimamishwa mbele ya kipaza sauti. Nchi nzima ilikuwa inatazama, sokoni, kwa vinyozi, kwenye vibanda vya chipsi. Waziri hakusema shikamoo, ingawa Bi Sihaba angeweza kumzaa mara mbili, maana wataalamu walishauri shikamoo inakula muda wa matangazo. Alitabasamu tu, akatanua mikono, na joho likatanuka.

"Bibi yetu Mzima wa Taifa! Habari ya afya?"

Bi Sihaba alifungua mdomo. Neno lililotaka kutoka lilikuwa lile lile la siku zote. Lilikwisha fika kwenye ulimi, linajua njia. Akalimeza. Lilishuka kwa maumivu kama mwiba wa samaki.

"Mbaya," akasema.

Mtu mmoja nyuma alikohoa, akaombewa radhi na mkewe.

Waziri alicheka. "Bibi hajasikia. Bibi, habari?"

"Mbaya."

"Za nyumbani?"

"Mbaya."

"Za... za wajukuu?"

"Ndiyo mbaya zaidi."

Kwenye skrini, doa jekundu dogo kama tone la damu ya pua lilitokea pale penye Mchangamle. Bwana Erasto alipiga magoti nyuma ya Bi Sihaba ili kamera isimwone, akamnong'oneza kwa haraka ya mtu anayeungua: "Bibi, usiniharibie kazi! Mtambo unasoma neno la kwanza tu! Sema nzuri kwanza, halafu endelea na lakini zako zote, hakuna anayezisoma!"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Nchi nzima ilisikia.

Bi Sihaba aligeuka polepole. "Kumbe," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndogo ndiyo iliyofanya watu wasogee. "Kumbe ndivyo. Mheshimiwa, huyu kijana wako anasema hamzisomi lakini zetu. Sasa niambie, mmezitia wapi? Mimi nimesema nzuri tangu nina meno ya utotoni. Nimesema nzuri, lakini mume wangu anatapika damu. Nzuri, lakini binti yangu, mama wa mjukuu wangu, hakuamka. Nzuri tuliwapa kwa adabu, kama mtu anavyompa mgeni kiti. Tulidhani mtakaa, mtusikilize. Nyinyi mmebeba kiti mkaondoka nacho!"

"Bibi ana ucheshi..." waziri akaanza.

"Sina ucheshi! Nina mjukuu! Yumo humo ndani kwenye mkeka, kavimba, kapofuka, ana mtoto tumboni, na mashine ya kumpima mmeipeleka ikapambe picha! Nyie watu mna mama, au na nyinyi mlipakuliwa kutoka kwenye simu?"

Ndipo Koleta alipopiga kelele kutoka ndani. Zamaradi alikuwa ameanza kutupwa na kifafa.

"Geuza kamera!" waziri akasema. Kamera ikageuzwa kwenye chungu cha maua. Kwenye simu zote za nchi ikatokea picha ya Dada Afya na maneno: "Samahani, tuna tatizo dogo la mtandao. Wakati unasubiri, habari ya afya yako?"

*

Waziri aliingia garini, akawekewa kiyoyozi. Lakini gari la wagonjwa halikuondoka. Wanawake wa Mchangamle walikuwa wameliketia. Hawakupanga, hawakuitana. Mwenye kuuza vitumbua aliketi mbele ya tairi na karai lake, mwingine akaketi, na mwingine, mpaka gari likawa kama kisiwa katikati ya khanga. Waliobaki walifungua milango ya nyuma wakaanza kutupa nje: spika, betri, spika, nyaya, bango la meno ya Dada Afya. Spika moja ilianguka ikiwa bado inasema weka alama ya moyo, weka alama ya moyo, mpaka muuza vitumbua alipoitia mafuta ya moto.

"Mafuta ya gari ni ya matangazo tu," dereva akajitetea. "Nitaulizwa."

"Ukiulizwa sema nzuri," Koleta akamwambia. "Endesha!"

Walimlaza Zamaradi sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya bibi yake, beseni la buluu pembeni. Njia nzima Bi Sihaba alishika kidevu cha mjukuu wake ili asijing'ate ulimi, akimwambia mambo ya kawaida kabisa: kuku mweusi ametaga, mumeo amesema anakuja, khanga zimekauka.

Kwenye geti la hospitali ya wilaya kulikuwa na kisanduku cha Dada Afya kilichopachikwa kwenye nguzo. Kikawasha taa. "Karibu! Habari ya afya yako?" Mlinzi, mtu mzima mwenye mvi, aliinua mikono kuonyesha hana la kufanya. "Likijibiwa nzuri ndiyo linafunguka, mama zangu, ila unaandikwa mzima, na mzima hapokelewi. Ukijibu mbaya linajifunga, linasema halitambui."

"Hospitali haifunguki kwa mgonjwa?"

"Ndiyo maana hatuna wagonjwa."

Koleta akatazama dereva. Dereva akatazama geti. Akarudisha gari nyuma kidogo, akafumba macho, akalivunja.

Daktari waliyemkuta alikuwa binti mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alifanya kazi yake yote bila kuuliza habari ya mtu. Alipotoka alikaa kwenye benchi, ubavuni kwa Bi Sihaba.

"Mama atapona," akasema. "Macho yatarudi polepole. Mtoto alikuwa wa kike. Alikwisha tangulia." Kisha, kwa hasira ambayo haikuwa juu yao: "Mngemleta jana. Kwa nini hamkumleta jana?"

"Jana tulikuwa wazima, daktari," Koleta akasema.

Vile vipande vya khanga kwenye beseni la buluu, vilivyofuliwa mpaka vikalainika, vilitumika hivyo hivyo. Bi Sihaba alimfunga kitoto kile kwa mikono yake, akakaza vizuri upande wa miguu, kana kwamba kitapata baridi.

*

Wizara ilitoa taarifa. Ilisema tukio la Mchangamle lilitokana na hitilafu ya kiufundi katika mdomo wa bibi mmoja, na kwamba wataalamu wanaifanyia kazi. Ili lisitokee tena, wananchi hawataandika majibu. Watachagua kimoja kati ya vitufe vitatu: NZURI, NZURI SANA, na NZURI KUPITA KIASI. Dereva alifungwa kwa kuharibu geti. Koleta alihamishiwa zahanati ambayo haijajengwa, na anatakiwa aripoti kila siku. Mheshimiwa Makeke alialikwa nje akapewa tuzo ya kioo, kwa kuwa hakuna matangazo ya afya yaliyowahi kutazamwa na watu wengi kama yale. Alipokea akiwa amevaa joho la pili juu ya lile la kwanza.

Na Zamaradi, akiwa bado wodini, aliletewa ujumbe wenye puto: "Hongera kwa kujifungua! Mtoto wako anaendeleaje?" Vitufe vitatu. Bi Sihaba aliichukua ile simu na mpira wake, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji machafu.

Lakini nchi ilikuwa imesikia, hilo halikufutika. Sokoni, mtu akimuuliza mwenzake habari, mwenzake alianza kujibu neno moja tu: "Lakini." Basi. Muulizaji anaelewa, anashusha mzigo wake. Kwenye foleni ya maji, "Habari?" "Lakini." Mpaka walinzi wa wizarani, asubuhi wakipokezana zamu, "Lakini, mzee?" "Lakini, kijana wangu." Serikali ilifikiria kulipiga marufuku, na kamati iliundwa, ila mwenyekiti wa kamati alipofungua kikao kwa kuwauliza wajumbe hali zao, kikao kikavunjika, kila mtu analia ya kwake.

Siku nyingi zilipita. Macho ya Zamaradi yalirudi, kwanza mwanga, halafu rangi, halafu sura za watu. Kusema hakusema. Alikaa kibarazani mikono mapajani, na kile kitanda kidogo chenye vanishi kiligeuzwa uso ukutani. Asubuhi moja Bi Sihaba alitoka na ungo wa mchele, akamkuta amekaa palepale, na kwa mazoea tu, bila kutarajia kitu, akamuuliza:

"Habari za kuamka, mama?"

Zamaradi alimgeukia. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa:

"Mbaya, bibi."

Bi Sihaba aliweka ungo chini, mchele nusu haujachambuliwa, kuku wakaufikia. Hakuwafukuza. Alivuta kigoda, akakaa akaelekea upande wa mjukuu wake, magoti kwa magoti.

"Haya," akasema. "Nisimulie."